Arobaini ya mzazi: nini hupimwa, lini, na kwa nini mama husahaulika

Mdogo wangu alijifungua mwezi wa saba, wakati ule wa upepo mkavu wa Dodoma unaopenya hadi chini ya mlango. Alijifungua salama, mtoto wa kike, kilo 3.1. Kesho yake jioni akaruhusiwa, presha yake ikiwa imeandikwa kwenye kadi na haina tatizo lolote. Nyumbani tukampokea kama wazazi wanavyopokewa: maji ya moto ya kumkanda, uji wa uwele, na agizo la mama mkwe kwamba asitoke nje mpaka arobaini.

Siku ya tano tukaona macho ya mtoto yana umanjano. Mama mkwe akasema aanikwe jua la asubuhi. Mimi nikasema twende zahanati, na kwa kuwa mtoto ananyonya, mama yake hakuwa na budi kuja. Nesi akamvua mtoto nguo zote mbele ya dirisha, akambonyeza kwa kidole kwenye paji la uso, kifuani, kisha nyayoni, kila mara akiachia na kuangalia ngozi inarudi na rangi gani. Akampima: kilo 2.85. Akamtazama akinyonya. Ndipo akamgeukia mdogo wangu aliyekuwa amejishika kichwa.

"Na wewe mama, kichwa kimeanza lini?"

"Juzi, dada. Ni uchovu tu, sijalala."

Akamfunga mkanda wa kupimia presha mkononi. Ikasoma 162/112. Akarudia kupima, ikawa ile ile. Kabla hatujaelewa kinachoendelea, mdogo wangu alikuwa ameshadungwa sindano ya magnesiamu ya kuzuia degedege, amepewa dawa ya kushusha presha, na gari la wagonjwa limeshaitwa. Mtoto tuliyempeleka hakuwa na shida kubwa. Aliyelazwa siku tatu ni mama yake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza dada zangu, majirani na wakunga ninaowafahamu: hivi mtu akishajifungua, anatakiwa kurudi lini, na akirudi anapimwa nini? Majibu yamekuwa mengi kuliko watu niliowauliza. Wengine wanasema wiki ya sita. Wengine wanasema ukipewa siku ya chanjo. Wengine wanasema ukiumwa. Nadhani mkanganyiko unaanzia kwenye neno lenyewe, kliniki. Mjamzito "anahudhuria kliniki". Mtoto "anapelekwa kliniki". Kati ya hizo mbili kuna huduma ya tatu, ya mama baada ya kujifungua, na hiyo haina jina la mtaani. Kitu kisicho na jina ni rahisi kupotea.

Tuanze na tarehe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unasema mama na mtoto wakae kituoni walau saa 24 baada ya uzazi usio na matatizo, kisha waonwe na mtaalamu si chini ya mara tatu: kati ya saa 48 na saa 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya sita. Aliyejifungulia nyumbani au njiani anatakiwa aonwe mapema iwezekanavyo ndani ya saa 24 za kwanza. Tarehe utakazoandikiwa kwenye kituo chako zinaweza kupishana kidogo na hizi. Fuata zilizo kwenye kadi yako. La msingi ni kwamba si ziara moja. Ukihesabu na uangalizi wa saa 24 za mwanzo ni nne, na tatu kati ya hizo zinatokea kabla mtoto hajafikisha nusu mwezi.

Hapo ndipo arobaini inapoingia. Sina ugomvi na arobaini. Ni desturi yenye hekima: mzazi anapumzika, analishwa, anaondolewa kazi nzito, na mtoto anakingwa na vikohozi vya wageni. Tena inashangaza jinsi inavyokaribiana na hesabu ya madaktari, kwani kipindi cha uzazi kitabibu ni siku 42, na kifo cha mama kinachohusiana na uzazi ndani ya siku hizo huhesabiwa kuwa kifo cha uzazi. Bibi zetu walikosea siku mbili tu. Tatizo ni pale kupumzika kunapogeuka kuwa kufungiwa. Mzazi asiyetoka mpaka siku ya 40 anakuwa amezikosa ziara mbili za katikati, zilizowekwa kwa ajili ya siku zenye hatari.

Kinachotokea kuanzia siku ya tatu

Ukielewa wiki ya kwanza, tarehe hizi zote zinaeleweka zenyewe.

Saa 24 za kwanza hatari kubwa kwa mama ni kutoka damu nyingi. Ndiyo maana wodini nesi anakuja kila mara kukuminya tumbo, jambo ambalo wazazi wengi wanalichukia kwa sababu linauma. Anatafuta mji wa mimba: unatakiwa uwe mgumu kama mpira, karibu na usawa wa kitovu. Ukiwa laini, haujajikaza, na mishipa iliyokuwa imeshikilia kondo bado inavuja. Kuondoka wodini saa 6 baada ya kujifungua kwa sababu vitanda vimejaa, au kwa sababu shemeji amekuja na gari, ni kuondoka katikati ya ulinzi huo.

Kisha mtu anafika nyumbani, na mambo manne yanakutana kwa wakati mmoja.

La kwanza ni presha. Wengi tunaamini kifafa cha mimba, yaani degedege linaloletwa na presha hiyo, kinaisha mtoto akitoka. Sivyo. Baada ya kujifungua, maji yaliyokuwa yametuama mwilini hurudi kwenye mishipa, na kwa kawaida presha hupanda kuanzia siku ya tatu hadi ya sita. Mwanamke ambaye presha yake haikuwahi kusumbua wakati wa ujauzito anaweza kuipata wiki hiyo, kama ilivyokuwa kwa mdogo wangu. Dalili zake ni kichwa kuuma kisichotulia, macho kuona ukungu au vimulimuli, na maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu. Tazama zilivyo rahisi kuitwa uchovu. Usomaji wa 140/90 au zaidi unahitaji kufuatiliwa, na 160/110 ni dharura ya saa hiyo hiyo.

La pili ni maziwa. Siku ya pili hadi ya nne yanajaa, matiti yanakuwa mazito na ya moto. Mtoto akishika chuchu vibaya, chuchu zinapasuka, mama anaogopa kunyonyesha, maziwa yanaganda, na baada ya siku chache kuna homa na titi jekundu. Nusu ya kazi ya ziara ya siku ya tatu ni mkunga kukaa chini na kutazama mtoto akinyonya: kinywa kimefunguka, kidevu kimegusa titi, sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu imeingia mdomoni. Ni dakika tano zinazoweza kuokoa miezi sita ya kunyonyesha.

La tatu ni manjano ya mtoto. Kwa watoto wengi huanza siku ya pili au ya tatu, hufikia kilele karibu na siku ya nne au ya tano, kisha hupungua. Hayo ni ya kawaida. Yasiyo ya kawaida ni yanayotokea ndani ya saa 24 za kwanza, au yanayofika viganjani na nyayoni, au yanayoandamana na mtoto kulala mno na kukataa titi. Manjano makali huweza kuudhuru ubongo wa mtoto moja kwa moja. Tiba yake ni mwanga maalumu wa bluu hospitalini. Kumwanika juani si tiba, na kwa upepo wa Julai ule unaweza kumpoza mtoto mchanga kwa dakika chache.

Siku hizo hizo uzito wa mtoto unashuka. Wa kwetu alikuwa amepungua gramu 250, kama asilimia nane ya uzito wa kuzaliwa, na nesi hakushtuka, maana watoto wengi hupungua hivyo na kurudisha uzito ndani ya wiki mbili. Ukivuka asilimia kumi ndipo unyonyaji unachunguzwa kwa makini.

La nne ni machozi. Homoni zinaporomoka, usingizi haupo, na mama analia bila kujua sababu. Nitalirudia hili.

Yote manne yanatokea mama akiwa ndani, amefunikwa, wageni wakiingia na khanga na sabuni. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 81 ya uzazi nchini sasa unafanyika kwenye vituo vya afya. Makadirio ya vifo vya uzazi yalishuka mno, kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104. Lakini vifo vya watoto wa chini ya siku 28 vilitoka 25 hadi 24 tu kwa kila 1,000. Duniani kote karibu robo tatu ya vifo vya watoto wachanga hutokea katika wiki ya kwanza. Kwa maoni yangu tumejifunza kumfikisha mama kituoni, ila hatujajifunza kumrudisha.

Anachopimwa mama, anachopimwa mtoto

Ziara kamili ya mama haihitaji mashine kubwa. Zahanati ya kijiji ina kila kinachotakiwa: kipimo cha presha, kipimajoto, mikono safi, na maswali. Mkunga anapima presha, mapigo ya moyo na joto. Anaangalia kope za ndani kama damu ni pungufu. Anapapasa tumbo kujua mji wa mimba umeshuka kiasi gani. Hushuka kama upana wa kidole kimoja kwa siku, na ukifika wiki mbili hausikiki tena juu ya nyonga. Anauliza damu ya uzazi: ina rangi gani, inanuka? Inatakiwa ianze nyekundu, ielekee hudhurungi, kisha iwe majimaji meupe. Ikiongezeka badala ya kupungua, au ikitoa harufu mbaya pamoja na homa, huenda kuna uchafu uliobaki au maambukizi. Anatazama mshono, wa chini au wa tumboni. Anauliza haja kubwa, na anauliza mkojo, na swali hili la mkojo naomba lisiruhusiwe kupita kwa aibu. Mkojo unaovuja wenyewe baada ya uchungu wa muda mrefu unaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Fistula inatibika, na ikigundulika mapema matibabu yake huwa mepesi zaidi.

Anahakikisha pia mama ana vidonge vya kuongeza damu, vile vile alivyokuwa akimeza akiwa mjamzito. Wengi wanavitupa siku ya kujifungua, wakati ndiyo kwanza wamepoteza damu. Vinaendelea kwa kawaida hadi miezi mitatu.

Kuhusu kukandwa, wakunga niliozungumza nao hawakatazi maji ya uvuguvugu kwa viungo vinavyouma. Wanachokataza ni maji yanayounguza, na kukandwa juu ya mshono wa upasuaji.

Mtoto anavuliwa nguo zote. Hilo ndilo nililojifunza kwa yule nesi: mtoto aliyefungwa kwenye blanketi hajapimwa. Pumzi zinahesabiwa kwa dakika nzima, na 60 au zaidi ni nyingi mno. Kifua kinaangaliwa kama kinabonyea ndani anapovuta hewa. Joto: 37.5 na kuendelea ni homa, chini ya 35.5 ni baridi ya hatari. Macho kama yanatoa usaha. Kitovu kama kina wekundu unaosambaa kwenye ngozi. Kitovu kinataka kitu kimoja tu, ukavu. Majivu, mafuta na kinyesi cha ng'ombe ndiyo njia ya pepopunda. Nepi ikunjwe chini yake, kiachwe kidondoke chenyewe.

Niongeze hili kwa sababu ya joto letu la Oktoba na Novemba: mtoto anayenyonya hahitaji maji. Maziwa ya mama ni maji kwa karibu asilimia 88. Kijiko cha maji "kukata kiu" kinajaza tumbo dogo bila lishe, na maji yenyewe, hasa vijiji vya Chemba au Bahi ambako yanafuatwa mbali, si salama kila siku.

Chanjo ya kwanza ni BCG ya kifua kikuu pamoja na matone ya polio, na hutolewa mtoto anapozaliwa. Kuna malalamiko ya kudumu hapa: umefika na mtoto, unaambiwa urudi Alhamisi. Sababu ipo. Chupa moja ya BCG ina dozi nyingi, na ikishachanganywa inatakiwa itumike ndani ya saa sita, zilizobaki zimwagwe. Zahanati ndogo hukusanya watoto siku moja ili chanjo isipotee. Ni sababu ya kweli, lakini inahusu sindano peke yake. Presha ya mama haingojei Alhamisi. Ukiambiwa chanjo ni siku nyingine, omba wewe na mtoto mpimwe siku hiyo uliyofika.

Wiki ya sita, siku yenye msongamano

Wiki ya sita kila mtu anakuja, kwa sababu ndiyo siku ya chanjo ya tano kwa moja inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na Hib (bakteria wa nimonia na homa ya uti wa mgongo), pamoja na ya polio, ya nimonia na ya kuhara. Foleni ni ndefu. Mtoto anavalishwa ile suruali ya mizani, ananing'inizwa, uzito unachorwa kwenye kadi, anachomwa, anatoa yowe, na mama anageuka kwenda nyumbani. Mama aliyefika na sababu zake mwenyewe anaondoka nazo.

Na siku hiyo ana mengi yake. Presha na damu tena, hasa kama zilisumbua mwanzo. Kama anaishi na virusi vya UKIMWI, ndiyo siku mtoto anatolewa damu kidogo kisiginoni na kuwekwa kwenye karatasi maalumu, kisha atapimwa tena mpaka baada ya kuacha kunyonya. Na mama aliyepimwa zamani akakutwa salama anapimwa upya, kwa kuwa maambukizi wakati wa kunyonyesha humfikia mtoto.

Halafu uzazi wa mpango, ambako kuna kutoelewana kwingi. Kunyonyesha kunazuia mimba, ndiyo, ila kwa masharti matatu kwa pamoja: mtoto ananyonya tu bila kupewa kingine, mchana na usiku, hajafikisha miezi sita, na mama hajaona siku zake. Sharti moja likivunjika, kinga haipo. Kwa anayenyonyesha, kijiti kinaweza kuwekwa muda wowote baada ya kujifungua. Kitanzi huwekwa ndani ya saa 48 za mwanzo au kuanzia wiki ya nne. Sindano husubiri wiki ya sita, na vidonge vyenye homoni mbili husubiri miezi sita. Ushauri wa kitaalamu ni kukaa walau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine. Mume akija siku hiyo, mazungumzo haya huwa mafupi na ya kweli zaidi.

Narudi kwenye machozi. Kulia kwa wiki ya kwanza na ya pili ni kwa kawaida na hupita. Ikivuka wiki mbili, mama hafurahii chochote, halali hata mtoto akilala, anaona hafai kuwa mama, hiyo ni sonona ya uzazi, ugonjwa unaotibika. Akianza kusikia sauti, au kuwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hapa Dodoma tuna ugumu wetu. Hospitali ya Mirembe ipo tangu 1927, na jina lake tumelifanya kuwa tusi la mtaani. Mwanamke wa mji huu akihisi akili yake inayumba, kitu cha kwanza anachoogopa ni kuambiwa "mpelekeni Mirembe", kwa hiyo ananyamaza. Nesi hawezi kuligundua hilo kwa kipimo chochote. Ni lazima aulize, na ni lazima sisi wa nyumbani tumwache mzazi ajibu bila mama mkwe au shangazi kujibu kwa niaba yake.

Kuna dalili ambazo hazisubiri tarehe. Kwa mama: pedi inayolowa ndani ya saa moja, degedege, kichwa kikali, homa, kupumua kwa shida, mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kwa mtoto: kukataa titi, degedege, kupumua kwa kasi, kuwa wa moto au wa baridi, kulegea. Namba ya kupiga ni 115, haina malipo, ni ya mfumo wa usafiri wa dharura uitwao m-mama, na inahudumia wajawazito, wazazi ndani ya siku 42 na watoto wachanga ndani ya siku 28. Pasipo na gari la wagonjwa karibu, mfumo unatuma dereva wa eneo hilo aliyesajiliwa, naye hulipwa na mfumo. Kwa wanaoishi ng'ambo ya korongo, mvua zikianza Desemba, ni vizuri kuwa na namba hiyo kwenye simu kabla ya uchungu kuanza.

Mdogo wangu alirudi wiki ya sita. Safari hii mama mkwe ndiye aliyembeba mtoto, na akakaa naye kwenye benchi la mizani. Mtoto akasoma kilo 4.4, ikachorwa kwenye kadi. Nesi akamwita mama pembeni, akamfunga mkanda: 118/76. Kadi ya mtoto haikuwa na mahali pa kuandika namba hiyo. Akaomba kadi yake ya ujauzito, ambayo tulikuwa tumeiacha nyumbani, kisha akachukua daftari la mdogo wangu la kawaida, akapiga mstari, akaandika tarehe, na chini yake presha ya mama.